Kasha Lisilo na Ziada Wala Upungufu

Mhadhara uliotolewa Kigali mbele ya wanafunzi wa uhandisi, mafundi wa kompyuta na maofisa ununuzi

Nawashukuru kwa kuniruhusu niseme nanyi kwa Kiswahili, lugha ambayo tangu mwaka 2017 ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda, na ambayo watu wa Nyamirambo walikuwa wakiizungumza miaka mingi kabla ya sheria iliyoifanya rasmi.

Mada yangu ni kasha la kompyuta, yaani lile sanduku la bati linalokaa chini ya meza au kando ya skrini, ambalo mtaani wengi huliita CPU. Mtu akinunua kompyuta huuliza kuhusu prosesa, ukubwa wa diski na kumbukumbu. Kasha haulizi. Kama ni dogo, laini na lina rangi nzuri, amemaliza. Lakini kasha ndilo litakaloamua kama prosesa hiyo itaishi miaka miwili au minane, na kama kompyuta ikiharibika fundi ataitengeneza kwa nusu saa au ataitupa.

Siku hizi usahili ni fasheni. Kila kampuni inatangaza kasha lisilo na tundu, lisilo na skrubu, lisilo na mstari. Mimi naupenda usahili, na nimekuja kuutetea. Ndiyo maana nataka tuutofautishe na ule unaoishia machoni. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na makasha mengi yanayouzwa leo ni mikakasi ya aina hiyo.

Hoja yangu ni moja, na naitoa mapema ili mnipime nayo. Kasha sahili ni lile ambalo kila kilichoondolewa hakikuwa na kazi, na kila kilichobaki hakina badala. Na shahidi wa kwanza wa jambo hilo ni fundi anayelifungua.

Kazi tano za kasha

Huwezi kupunguza usichokijua. Kwa hiyo tuanze na kazi za kasha, ambazo kwa hesabu yangu ni tano.

Ya kwanza ni kushika. Madabodi, pawa saplai, diski na feni lazima vikae mahali pake visitikisike, hata kompyuta ikisafirishwa kwenye gari kutoka Kigali hadi Rusizi.

Ya pili ni kupitisha hewa. Karibu umeme wote unaoingia kwenye kompyuta hutoka ukiwa joto. Mashine inayokula wati 200 inapasha chumba sawa na hita ya wati 200, na joto hilo lote linaanzia ndani ya kasha. Lisipopata njia ya kutoka, prosesa itajipunguzia kasi ili isiungue, na mwenye kompyuta atalalamika kwamba mashine imezeeka.

Ya tatu ni kulinda: vumbi lisiingie, maji ya deki yasiingie, panya asiingie, kidole cha mtoto kisiguse feni. Ya nne ni kuzuia mawimbi na kuhakikisha usalama wa umeme. Bati lililofungwa barabara huzuia mawimbi ya redio yanayotoka kwenye saketi yasisumbue vifaa vya jirani, na likiunganishwa na waya wa ardhi hupeleka ardhini umeme unaovuja badala ya kuupitisha mwilini mwa mtu. Ya tano, ambayo husahauliwa kuliko zote, ni kufunguka. Kasha ni mlango. Mlango usiofunguka ni ukuta.

Yaliyobaki nje ya hizo tano, kama taa za rangi, mabawa ya plastiki, vioo na nembo zinazong'aa, ndiyo tunayoweza kuyagusa bila hofu. Hizo tano hatuna ruhusa ya kuzigusa mpaka tuwe tumepata kitu kingine cha kuzifanya.

Dieter Rams, mbunifu Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1932 na kufanya kazi miaka mingi katika kampuni ya Braun, aliacha kanuni kumi za ubunifu mwema. Ya kumi ndiyo inayotajwa zaidi, kwamba ubunifu mwema ni ule uliopunguzwa kadiri inavyowezekana. Lakini kabla ya kufika hapo alikwisha kutaka kitu kiwe na manufaa, kieleweke chenyewe, kidumu, na kisiharibu mazingira. Anayeanza na ya kumi akaziruka tisa amesoma mwisho wa kitabu peke yake.

Walipoondoa kisichofaa kuondolewa

Historia ya kompyuta ina mifano ya watu wenye vipaji vikubwa waliopunguza pasipofaa. Naitaja kwa sababu makosa yao yanafundisha kuliko sifa zao.

Mwaka 1980 Apple ilitoa kompyuta ya Apple III. Steve Jobs alitaka mashine isiyopiga kelele, akakataza feni. Joto likajikusanya ndani, na mashine nyingi zikawa zinazima au kufanya kazi kwa wasiwasi. Chipu nyingine zililegea kwenye soketi zake, na ikafika mahali wateja wakashauriwa wainyanyue mashine sentimita chache kutoka mezani na kuiachia, ili chipu zikae tena. Feni iliondolewa, lakini kazi ya feni haikupata wa kuifanya ipasavyo.

Miaka 20 baadaye kampuni hiyohiyo ilitoa Power Mac G4 Cube: mchemraba wa sentimita 20 hivi ndani ya plastiki angavu, usio na feni, unaotegemea hewa ya moto kupanda na kutoka juu. Ni kitu kizuri kweli, kiasi kwamba Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York inacho katika hazina yake. Lakini tundu la kutolea joto lilikuwa juu, mahali ambapo mtu wa ofisini huweka karatasi. Plastiki ikawa na mistari ambayo wateja waliiona kama nyufa. Bei ilikuwa kubwa. Ilizinduliwa Julai 2000, na Julai 2001 uzalishaji wake ulisimamishwa.

Mwaka 2013 ikaja Mac Pro ya mviringo, nyeusi, yenye feni moja juu na kiini kimoja cha kupozea sehemu zote. Ilipofika wakati wa kuweka kadi za picha zenye nguvu zaidi, ilionekana kwamba umbo lile halina nafasi ya joto jipya, na mwaka 2017 viongozi wa Apple walikiri hadharani kwamba ubunifu wao uliwafunga. Kompyuta iliyofuata mwaka 2019 ilirudi kuwa sanduku lenye mishikio, lenye uso wa matundu, linalofunguka kwa kuzungusha mshikio wa juu. Walizunguka wakarudi kwenye hewa na mlango.

Mfano wa mwisho ni wa karibu zaidi. Kampuni ya NZXT ilitoa kasha dogo la wima liitwalo H1, linalopendeza, lisilochukua nafasi. Ili kubana vitu ndani, kadi ya picha iliunganishwa kwa kibao cha kati kilichofungwa na skrubu kwenye kasha. Ikagundulika kwamba skrubu hizo zinaweza kugusana na njia za umeme kwenye kibao na kusababisha shoti na moto, na mwaka 2021 makasha hayo yaliitwa yarudishwe. Skrubu mbili tu. Ukibana nafasi, kila milimita inakuwa na wajibu, na kosa dogo halina pa kujificha.

Katika mifano yote hii, wabunifu walianza na umbo walilolitaka, kisha wakaomba joto, umeme na mkono wa fundi vikubali. Sayansi haiombwi.

Kompyuta ya kijani na nyeupe tuliyoijua

Sasa turudi nyumbani, maana Rwanda ina mfano wake, na ni mfano mwema.

Kuanzia mwaka 2008 nchi hii ilishiriki katika mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto, na katika miaka iliyofuata zaidi ya kompyuta laki mbili ziliwafikia wanafunzi wa shule za msingi. Wengi mliopo hapa mlizishika mkiwa watoto: laptopu ndogo ya kijani na nyeupe, yenye mshikio na masikio mawili. Jina lake ni XO, na kasha lake lilibuniwa na Yves Béhar na ofisi yake ya fuseproject.

Watu wazima waliiona kama mwanasesere. Naomba tuitazame kama wahandisi.

Haina feni. Tofauti na Apple III, hapa feni iliondolewa baada ya sababu yake kuondolewa: prosesa ilichaguliwa ya nguvu ndogo, megahezi 433 tu, na mashine nzima ilitumia wati chache. Haina diski inayozunguka, kwa hiyo hakuna diski ya kuvunjika ikianguka. Kwa kuwa haina feni, haihitaji matundu, na kwa kuwa haina matundu, vumbi halina mlango. Kibodi ni mpira mmoja uliofunika, na maji yakimwagika hayapiti kati ya vitufe. Ona jinsi uamuzi mmoja wa kupunguza unavyoruhusu wa pili, na wa pili unavyoruhusu wa tatu.

Tazama masikio yale. Ni antena za mtandao. Ukiyasimamisha, yananasa mawimbi vizuri zaidi. Ukiyalaza, yanafunika matundu ya USB yasiingie vumbi, na yanakuwa komeo linaloufunga mfuniko. Kitu kimoja kina kazi tatu. Mtoto wa miaka saba huona masikio ya mnyama; mhandisi huona sehemu mbili zilizookolewa.

Kuta za plastiki zilifanywa nene, milimita 2, wakati laptopu nyingi za wakati huo zilikuwa na milimita 1.3 hivi. Hapa mbunifu aliongeza badala ya kupunguza, kwa sababu mwenye kompyuta angeibeba kwenye njia ya milimani. Na ilifungwa kwa skrubu za kawaida zinazofunguliwa kwa bisibisi ya nyota, huku skrubu za akiba zikiwa zimewekwa ndani ya kasha lenyewe. Aliyeweka skrubu za akiba alijua kwamba siku moja mtu, mahali pasipo na duka, ataifungua kompyuta ile na kupoteza moja. Huo ni upendo kwa mtumiaji ulioandikwa kwa chuma.

Mpango wenyewe ulikuwa na matatizo yake. Umeme haukuwa katika kila shule, walimu walihitaji mafunzo zaidi, na kasi ya mashine ilipitwa na wakati haraka. Baadaye serikali iligeukia kompyuta zilizounganishwa hapahapa Kigali na kampuni ya Positivo BGH kuanzia mwaka 2015. Lakini mambo hayo si ya kasha. Kama kasha, XO imebaki somo la usahili lililowahi kusambazwa kwa wingi kuliko yote katika nchi hii, na sijaona darasa la uhandisi linalolifundisha.

Hewa ya Kigali

Makasha mengi hubuniwa mahali pasipo na hali yetu. Kwa hiyo lazima tuijue hali yetu wenyewe.

Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi, uzito wake ni asilimia 85 hivi ya ule wa pwani. Feni inasukuma ujazo uleule inapozunguka Mombasa na inapozunguka Kigali, lakini kinachobeba joto ni uzito wa hewa, wala si ujazo wake. Hewa ambayo Mombasa ingepanda joto kwa nyuzi 10 ikipita ndani ya kasha, hapa itapanda karibu nyuzi 12. Kompyuta isiyo na feni nayo inaumia, kwa sababu hewa nyepesi hupanda kwa unyonge.

Mwenyezi Mungu ametufidia: mchana wetu ni wa baridi kuliko wa pwani, na hatuna chumvi ya bahari inayokula bati. Ukilinganisha yote, kompyuta ya Kigali haina sababu ya kupata joto kuliko ya Mombasa. Lakini fidia hiyo tunaipoteza kila kiangazi, kati ya Juni na Septemba, vumbi jekundu linapoinuka.

Fungua kompyuta ya ofisi ambayo imekaa miaka mitatu chini ya meza, karibu na mlango unaotazama barabara ya udongo. Kwanza utaona utando mwekundu kwenye matundu ya mbele. Kisha angalia kipoza joto cha prosesa, zile bapa nyembamba za alumini chini ya feni. Juu utaona safi, kwa sababu feni inafagia. Iondoe feni. Chini yake, kwenye midomo ya bapa, kuna blanketi la vumbi lililoshikana na nywele na nyuzi za nguo, nene kama kitambaa, na hewa haipiti hata kidogo. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zake zote juu ya mlango uliofungwa. Fundi analitoa kwa brashi na blowa, kompyuta inarudi kama mpya, na mwenye ofisi aliyekuwa ameshaandika barua ya kununua nyingine anashangaa.

Sasa niulize: kazi hiyo ya dakika kumi ilihitaji nini? Ilihitaji kasha linalofunguka. Basi.

Na mjue kwamba kupanga jengo kwa ajili ya hewa si jambo geni hapa. Hospitali ya Butaro wilayani Burera, iliyofunguliwa mwaka 2011 na kusanifiwa na MASS Design Group, ilikabili tatizo la kifua kikuu kuenea katika korido za hospitali. Wasanifu waliziondoa korido za ndani, watu wakapita nje kwenye baraza. Wakaweka madirisha ya juu na feni kubwa za taratibu zinazovuta hewa chafu iondoke. Kuta zikajengwa kwa mawe ya volkano ya palepale. Kilichoondolewa kilikuwa na madhara, na kilichobaki kina kazi. Kompyuta inahitaji fikra hiyohiyo kwa kipimo kidogo.

Kanuni sita

Kutokana na hayo, naweka mbele yenu kanuni sita za kasha sahili linalofaa mazingira yetu.

Kanuni ya kwanza: njia ya hewa iwe moja na ionekane. Hewa iingie mbele, itoke nyuma au juu, na isikutane na waya njiani. Nyaya zipite nyuma ya bamba la madabodi. Feni moja kubwa ya milimita 120 inasukuma hewa sawa na ndogo ya milimita 80 kwa mizunguko michache, hivyo inatulia na kudumu. Mtu akilitazama kasha aweze kuonyesha kwa kidole hewa inapoingia na inapotoka. Akishindwa, mbunifu amemficha.

Kanuni ya pili: chujio moja, linalotoka kwa mkono. Feni za kuingiza hewa zikiwa na nguvu zaidi kidogo kuliko za kutoa, shinikizo la ndani linapanda juu ya la nje. Hewa inavuja kutoka ndani kwenda nje katika kila ufa, na vumbi halina pa kupenya isipokuwa kwenye chujio. Chujio lenyewe liwe mbele, mahali linapoonekana. Likiwa chini ya kasha halitasafishwa kamwe, na katika ofisi zinazopigwa deki kila asubuhi litanyonya unyevu wa sakafu. Kwa sababu hiyohiyo kasha liwe na miguu ya sentimita kadhaa.

Kanuni ya tatu: bisibisi moja. Skrubu zote ziwe za kichwa kimoja, na zile za mlango zifunguke kwa vidole. Gundi isitumike. Vibanio vya plastiki vilivyofichwa, ambavyo huvunjika mara ya pili, visitumike. Uso laini usio na skrubu unapendeza dukani, lakini kila skrubu iliyofichwa ni dakika iliyoibiwa kwa fundi, na dakika ya fundi analipa mwenye kompyuta.

Kanuni ya nne: vipimo vya wote. Mwaka 1995 Intel ilitoa kipimo cha ATX, madabodi ya milimita 305 kwa 244, na mwaka 2001 kampuni ya VIA ikatoa Mini-ITX ya milimita 170 kwa 170. Pawa saplai ya kawaida ya ATX ina upana wa milimita 150 na kimo cha 86. Shukrani kwa vipimo hivi, kasha la leo linaweza kupokea madabodi ya miaka 20 iliyopita au ya mwaka kesho. Kompyuta nyingi za ofisini zilizotumika, zinazotufikia kutoka Ulaya na Dubai, zina kasha zuri linalofunguka kwa kuvuta komeo moja, bila bisibisi. Nazisifu kwa hilo. Lakini nyingi zina pawa saplai ya umbo lake peke yake. Ikiungua, fundi wa Nyarugenge anatafuta wiki nzima kifaa ambacho, kingekuwa cha kipimo cha wote, kingepatikana duka la jirani. Kipimo cha pamoja ndicho usahili mkubwa kuliko wote, kwa sababu kinapunguza aina za vitu duniani.

Kanuni ya tano: malighafi chache, zinazotenganishika. Huko Bugesera, kusini mwa jiji hili, kuna kiwanda cha Enviroserve kinachopokea taka za elektroniki kutoka nchi nzima na kuzivunja. Bati la chuma lililofungwa kwa skrubu linatenganishwa kwa dakika chache na kuyeyushwa upya. Plastiki iliyogandishwa kwenye bati, bati lililobandikwa kioo, kioo kilichobandikwa taa, ni kazi ngumu na mara nyingi ni hasara. Nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008 haina sababu ya kuagiza mapambo ya plastiki yasiyo na kazi.

Kanuni ya sita: pambo lifanye kazi. Naijua hoja ya vijana, kwamba kompyuta nayo inastahili kupendeza, na vioo na taa vinaleta furaha. Nakubali nusu ya kwanza. Kioo cha mbele kinaziba njia ya hewa na kinaacha mawimbi yapite. Taa zinaongeza waya na joto. Uzuri tunaweza kuupata palepale kazi inapofanyika. Tuna imigongo, sanaa ya akina mama wa mashariki ya nchi, eneo la Gisaka, ambayo masimulizi yanaihusisha na mwana wa mfalme aliyeitwa Kakira. Inatengenezwa kwa samadi ya ng'ombe na majivu, kwa rangi chache, hasa nyeusi, nyeupe na nyekundu, na kwa mistari inayojirudia. Kasha linahitaji mamia ya matundu madogo mbele. Matundu hayo lazima yapangwe kwa namna fulani. Kwa nini yasipangwe kwa jiometria ya imigongo? Tundu likibaki dogo, kidole hakipiti na mawimbi hayapenyi. Yakiwa mengi, hewa inapita kwa wingi. Hapo pambo na kazi ni kitu kimoja, na hakuna hata gramu moja iliyoongezwa. Usione vyaelea, vimeundwa.

Tunachoweza kuanza nacho

Nimalizie kwa mambo matatu ya kufanya, kwa makundi matatu yaliyomo ukumbini humu.

Kwa wahandisi na mafundi chuma: kasha la kompyuta ni bati la chuma la milimita moja au chini yake, lililokatwa, likatobolewa na kukunjwa. Hakuna siri ndani yake. Karakana za Agakinjiro kule Gisozi zinakunja bati kila siku kwa milango, makabati na madirisha. Mahali pa skrubu za madabodi panajulikana duniani kote, na feni ya milimita 120 ina matundu yaliyoachana milimita 105 popote utakapoinunua. Prosesa hatutatengeneza kesho. Kasha tunaweza, na tukilitengeneza hapa tutalitengeneza kwa hewa yetu, vumbi letu na mafundi wetu.

Kwa walimu: chukueni XO moja iliyolala stoo ya shule, ifungueni mbele ya wanafunzi, na muwaulize kila sehemu inafanya kazi gani na nini kingetokea ikiondolewa. Ni darasa la ubunifu lisilohitaji bajeti. Kisha wapeni kasha la kisasa lenye vioo na muwaulize maswali yaleyale.

Kwa maofisa ununuzi, ambao mkono wao una nguvu kuliko wa mbunifu yeyote: katika zabuni zenu mnaandika kasi ya prosesa na ukubwa wa diski. Ongezeni mistari minne. Kasha lifunguke kwa bisibisi moja au bila bisibisi. Chujio la vumbi litoke kwa mkono. Pawa saplai iwe ya kipimo cha kawaida. Muuzaji aahidi vipuri. Zabuni moja ya shule za wilaya nzima ikiwa na mistari hiyo, soko litaisikia kuliko mihadhara yangu yote.

Na siku muuzaji atakapoleta sampuli mezani, msiisifu kwa kuitazama. Mwiteni fundi wenu, mpeni bisibisi, na mkae mtazame. Akiifungua, akasafisha, akabadilisha feni na kuifunga bila kuvunja kitu na bila kubakiza skrubu, nunueni. Akishindwa, irudisheni, hata iwe nzuri namna gani.